Hujafa Hujaumbika: Maisha ya Abebe Bikila

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa hujafa hujaumbika. Methali hii tumeiandika mara ngapi katika insha zetu? Mimi binafsi nimeitumia tangu shule ya msingi, kila nilipotaka mwalimu anipe alama nzuri, bila kufikiri sana inasema nini. Mwaka huu ndipo nilipoielewa, na aliyenielewesha ni mtu aliyefariki mwaka wa 1973, miaka mingi kabla ya mimi kuzaliwa.

Mlezi wa chama chetu cha Kiswahili alipotuagiza kila mmoja aandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha tangulia mbele ya haki, wenzangu waliwahi majina makubwa makubwa. Huyu alimchukua Shaaban Robert, yule Wangari Maathai, mwingine Dedan Kimathi. Mimi nikamchagua Abebe Bikila, mkimbiaji wa Ethiopia. Baadhi ya wenzangu katika kidato cha tatu walinicheka. Walisema ati mkimbiaji ana maisha gani ya kuandikwa. Si anakimbia tu halafu anavishwa medali? Ngojeni niwaeleze.

Sababu yangu iko nyumbani. Tunaishi nje kidogo ya mji wa Nyahururu pamoja na babu yangu ambaye ana umri wa miaka 67. Babu ni mkimbiaji. Si bingwa, la. Ujanani aliikimbilia wilaya yake, akafika mashindano ya mkoa mara moja, basi. Lakini alipoajiriwa kuwa karani hakuacha kukimbia, na alipostaafu hakuacha. Si mnajua sisi wa shule ya kutwa hudamka kabla ya majogoo? Basi kila alfajiri nilipokuwa nikitoka kwenda shule, nilikutana naye langoni akirudi, jasho limemlowesha, raba zimejaa matope. Nyanya alikuwa amekwisha mwekea maji moto kwenye karai na kikombe cha uji, naye alimuuliza swali lile lile kila siku: leo ametumia dakika ngapi? Nyanya hakujali dakika hata kidogo. Alikuwa akitaka tu babu aongee.

Mwezi wa tatu mwaka jana, nyanya alituaga dunia. Matanga yakaisha, watu wakarudi makwao, na babu hakukimbia tena. Raba zilikaa barazani hadi matope yakakauka yakawa kama saruji. Lile goti lake, ambalo kwa miaka mingi lilimsumbua kidogo tu, sasa likawa sababu ya kila kitu. Hawezi kwenda shambani, goti. Hawezi kwenda kanisani, goti. Mama alininong'oneza jikoni kwamba si goti.

Ikawa siku moja katika maktaba yetu nimepata kitabu kikuukuu cha historia ya Michezo ya Olimpiki, jalada lenyewe limetoka. Ndani yake mlikuwa na picha ya mtu mweusi, mwembamba, akikimbia usiku bila viatu. Nilikiazima nikaenda nacho nyumbani. Babu alipoiona picha ile aliivuta karibu na taa, akalitamka jina kabla mimi sijalisoma. Kumbe alimjua tangu utotoni! Basi kila jioni baada ya chakula nikawa namsomea, na nilichokosa mle nikakitafuta kwingine. Haya ndiyo tuliyoyasoma.

Abebe Bikila alizaliwa tarehe 7 Agosti 1932 katika kijiji cha Jato, karibu na Mendida, huko Shewa nchini Ethiopia. Siku hiyo hiyo, mbali sana katika mji wa Los Angeles nchini Marekani, mbio za marathoni za Olimpiki zilikuwa zikikimbiwa. Siku njema huonekana asubuhi, lakini nani pale kijijini angeijua habari hiyo? Familia yake ilikuwa ya wafugaji, naye tangu utotoni alichunga mifugo kwenye nyanda za juu. Mchezo alioupenda ni gena, ambao unafanana na mpira wa magongo na huchezwa na Waethiopia wakati wa Krismasi yao. Akiwa bado mtoto mdogo, nchi yake ilivamiwa na majeshi ya Italia mwaka wa 1935. Waitalia waliikalia hadi mwaka wa 1941. Jambo hilo mlikumbuke, maana tutalirudia.

Mapema katika miaka ya 1950 kijana Abebe aliondoka kijijini akaenda mji mkuu, Addis Ababa, akajiunga na kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie. Addis Ababa iko zaidi ya meta 2,300 juu ya usawa wa bahari, takriban sawa na hapa kwetu Nyahururu. Hewa ya mahali pa juu namna hii ina oksijeni chache, kwa hivyo mwili wa anayeishi huko hujiongezea chembechembe nyekundu za damu ili ubebe kile kidogo kilichopo. Ndiyo maana wageni wanaokuja huku kwetu hutweta wakipanda kilima ambacho sisi hukipanda tukipiga soga. Kule jeshini Abebe alikutana na mkufunzi mmoja Mswidi aliyeitwa Onni Niskanen. Huyu ndiye aliyekiona kipaji chake, akampa mazoezi ya vilima na ya barabara ndefu. Mwezi Machi 1960 Abebe alimwoa Yewebdar Wolde-Giorgis, na kwa jumla walijaliwa watoto wanne.

Mwaka huo huo wa 1960 Michezo ya Olimpiki ilifanyiwa Roma, mji mkuu wa Italia. Wakati huo Abebe hakuwa akijulikana nje ya nchi yake. Viatu alivyopata kule vilimbana vikamtoa malengelenge, basi akaamua kukimbia pekupeku kama alivyozoea mazoezini. Tarehe 10 Septemba, mbio zilianza jioni ili kukwepa jua kali, zikamalizika usiku. Wanajeshi walisimama kando ya barabara ya kale wakiwa wameshika mienge. Kilomita baada ya kilomita wakimbiaji walipungua, hadi wakabaki wawili mbele: Abebe na Rhadi Ben Abdesselam wa Moroko. Karibu na mwisho walipita penye mnara wa Aksum, jiwe refu la kale ambalo Waitalia walilichukua Ethiopia wakati wa uvamizi wakalisimamisha mjini mwao. Hapo ndipo Abebe alipoongeza mwendo, akamwacha mwenzake. Alimaliza kwenye Tao la Konstantino kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, rekodi mpya ya dunia. Alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kuishindia nchi ya Afrika dhahabu ya Olimpiki. Na mnara ule? Italia iliurudisha Ethiopia mwaka wa 2005, miaka 45 baada ya Abebe kupita chini yake miguu mitupu.

Sitaki mdhani kwamba hakuwahi kushindwa. Mwaka wa 1963 alikwenda Boston, Marekani, akamaliza wa tano. Tena mwaka wa 1964, zikiwa zimesalia wiki tano hivi kabla ya marathoni ya Olimpiki ya Tokyo, alipasuliwa kutolewa kidoletumbo. Mtu aliyepasuliwa tumbo sisi humwambia asinyanyue hata ndoo ya maji. Yeye alianza mazoezi tena polepole, akasafiri, na tarehe 21 Oktoba akasimama kwenye mstari pamoja na wengine. Safari hii alivaa viatu. Alimaliza kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11, rekodi ya dunia tena, na aliyemfuata alifika zaidi ya dakika nne baadaye. Amini usiamini, wakati wenzake wakiwa bado njiani, Abebe alikuwa amelala chali kwenye nyasi za uwanja akijinyoosha misuli na kuzungusha miguu hewani kana kwamba ndiyo kwanza anataka kuanza. Hakuna mtu aliyewahi kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili kabla yake. Katika michezo hiyo hiyo Wilson Kiprugut alituletea shaba ya mita 800, medali ya kwanza kabisa ya Kenya.

Aliporudi nyumbani alilakiwa kwa shangwe, na mfalme akamtunuku gari dogo aina ya Volkswagen. Likumbukeni gari hilo.

Watu wengi wakimsimulia Abebe Bikila hukomea hapa. Miguu mitupu ya Roma, dhahabu mbili, kwaheri. Hata mimi nilidhani tumemaliza, nikataka kukifunga kitabu. Babu akasema niendelee. Alisema kushinda ni rahisi kusimulia, na kwamba yeye anataka kujua mtu huyu alizeekaje.

Mkimbiaji huanza kuzeeka mapema kuliko watu wengine. Mwaka wa 1967, katika mji wa Zarautz nchini Uhispania, Abebe aliumia akaacha mbio katikati. Mwaka uliofuata, Olimpiki ilipofanyiwa Mexico City, alikuwa ametimiza miaka 36. Niliposoma kwamba umri huo ni uzee, babu alicheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kumsikia akicheka.

Michezo ya Mexico babu aliikumbuka vizuri, maana alikuwa mtoto wa miaka kumi na walikuwa wakikusanyika penye redio ya duka moja kusikiliza. Tarehe 13 Oktoba 1968 Naftali Temu aliishindia Kenya dhahabu yake ya kwanza, katika mbio za mita 10,000. Aliyekuwa wa pili, kwa chini ya sekunde moja, alikuwa Mwethiopia aitwaye Mamo Wolde, rafiki yake Abebe na mwenzake jeshini. Babu anasema ni siku ile ndipo alipoanza kukimbia kwenda shule badala ya kutembea.

Wiki moja baadaye ikawa ni marathoni. Abebe alikwenda kwenye mstari akiwa na mguu ulioumia. Alikimbia kilomita 16 hivi, kisha akashindwa akatoka barabarani. Inasimuliwa kuwa kabla ya kutoka alimwambia Mamo kwamba yeye hawezi tena, na kwamba ushindi wa Ethiopia sasa uko mikononi mwake. Mamo naye alikuwa na miaka 36. Mamo akaenda akashinda.

Nawaomba wasomaji tupige darubini hapo kidogo. Mtu ambaye alizoea kuwaacha wote nyuma anasimama kando ya barabara huku rafiki yake akienda kuichukua dhahabu ambayo watu walidhani ni yake. Sijui moyoni mwake mlikuwa na nini, na sitajifanya najua. Ninachojua ni kwamba huo ulikuwa msiba wa kwanza, msiba mdogo, na mkubwa ulikuwa njiani.

Ajali haina kinga. Usiku wa tarehe 22 Machi 1969 Abebe alikuwa akiendesha ile Volkswagen yake, gari likamshinda likapinduka. Alinaswa ndani hadi asubuhi alipopatikana na kutolewa. Uti wa mgongo ulikuwa umeumia vibaya. Ndani ya uti wa mgongo, kama tulivyofundishwa katika somo la biolojia, mnapita mishipa ya fahamu inayopeleka amri za ubongo mwilini. Ikikatwa haiungiki tena. Miguu inabaki pale pale, mizima kwa macho, lakini haisikii chochote. Naam, miguu iliyovunja rekodi ya dunia mara mbili ilinyamaza usiku mmoja tu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Wiki moja baadaye alipelekwa Uingereza katika hospitali ya Stoke Mandeville, akakaa huko miezi minane. Mwanzoni hakuweza hata kugeuza kichwa. Malkia Elizabeth alikwenda kumtazama kitandani. Hospitali hiyo ilikuwa maarufu kwa sababu ya daktari mmoja, Ludwig Guttmann, aliyeanzisha kituo cha wagonjwa wa uti wa mgongo mwaka wa 1944. Kabla ya hapo wagonjwa wa namna hiyo walilazwa tu wakingoja kufa, wengi kwa vidonda vya mgongoni vinavyotokana na kulala upande mmoja. Guttmann aliamuru wageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, bila kukosa. Kisha akawatoa kitandani, akawafundisha kuvaa, kuingia na kutoka kwenye kiti cha magurudumu, na kuimarisha mikono iwafanyie kazi za miguu.

Nilipofika hapo babu alinikatiza. Aliuliza ni nani aliyekuwa akimwogesha. Nilitafuta kurasa zote nisipate. Vitabu vinataja sekunde na medali, lakini vya kuogeshwa na kuvalishwa nguo haviandiki. Babu alinyamaza muda mrefu, halafu akasema pengine ni hilo ndilo gumu zaidi. Si kuacha mbio, bali kungoja mtu aje akupe maji. Nikakumbuka lile karai. Usiku huo hatukusoma tena.

Kesho yake aliniita mwenyewe kabla sijamaliza kuosha vyombo. Tukaendelea.

Polepole mikono ya Abebe ilirudi. Miguu haikurudi, wala hairudi katika sehemu yoyote ya hadithi hii. Nasema hivyo kwa sababu tumezoea hadithi ambazo mwishowe kiwete anainuka akatembea na watu wanashangilia. Abebe hakutembea tena maishani mwake. Lakini Guttmann aliamini kwamba michezo ni dawa. Tarehe 29 Julai 1948, siku ambayo Olimpiki ya London ilifunguliwa, alikuwa amewaweka wagonjwa wake 16 uwanjani kushindana kwa upinde na mishale, wakiwa wameketi kwenye viti vya magurudumu. Kutokana na mashindano hayo madogo ndiko ilikozaliwa Michezo ya Paralimpiki tunayoiona leo.

Kwa nini upinde? Kwa sababu upinde hauhitaji miguu. Unahitaji mabega, mikono, macho na kutulia. Abebe aliuchukua akajifunza. Mwezi Julai 1970 akashiriki katika michezo ya Stoke Mandeville, akalenga shabaha kwa mishale na kucheza mpira wa meza. Fikiria, msomaji! Bingwa mara mbili wa Olimpiki anaanza mchezo mpya kama mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliyeripoti jana. Simulizi ya upinde si simulizi ya medali za dhahabu. Ni simulizi ya mtu aliyekubali kuwa mgeni tena.

Mwezi Aprili 1971 alialikwa Norway kwenye michezo ya walemavu. Alialikwa awe mgeni wa heshima tu, aketi atazame. Lakini wapi! Alicheza mpira wa meza, akatupa mishale, halafu akaingia katika mashindano ambayo huku kwetu hatujayaona: kuketi ndani ya kigari kisicho na magurudumu, kinachoteleza juu ya theluji kikivutwa na mbwa. Washindani walikuwa 16. Aliyeshinda ni Abebe Bikila. Mtoto wa mchungaji kutoka Jato, aliyekulia kwenye nyasi, akawashinda watu wa nchi ya theluji katika theluji yao.

Hapo babu alinisimamisha. Alitaka nirudie kuhusu wale mbwa. Nikarudia. Akauliza mbwa wangapi, nikasema kitabu hakikutaja. Akamtazama Simba, mbwa wetu aliyelala mlangoni, ambaye kazi yake ni kula na kubwekea matatu, akatikisa kichwa. Tulicheka wote hadi mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Mwaka wa 1972 Abebe alialikwa Munich, Ujerumani, kwenye Olimpiki, na alipoingia uwanjani kwa kiti chake watu walisimama wakampigia makofi. Marathoni ilishindwa na Mmarekani Frank Shorter, ambaye baada ya kuvishwa medali yake alikwenda kumpa Abebe mkono. Na wa tatu katika mbio hizo alikuwa nani? Mamo Wolde, akiwa na miaka 40! Rafiki mmoja yuko kwenye kiti cha magurudumu, mwingine bado anakimbia katika umri ambao wenzake wote wamekwisha tundika viatu. Mimi nilidhani babu angefurahia zaidi habari za Mamo, maana ndiye mkimbiaji mzee. La hasha. Alisema Mamo alibahatika, na bahati haifundishi mtu; anayemfundisha yeye ni yule aliyeketi.

Abebe Bikila hakuishi kuwa mzee wa mvi. Madhara ya ajali ile hayakumwacha. Tarehe 25 Oktoba 1973 alifariki dunia mjini Addis Ababa kwa kuvuja damu ubongoni. Alikuwa na miaka 41. Alizikwa kwa heshima za kitaifa. Watu wapatao 65,000 walijitokeza kumsindikiza, na Mfalme Haile Selassie akatangaza siku ya maombolezo. Uwanja mmoja wa michezo mjini humo ungali unaitwa kwa jina lake.

Sasa mnaweza kuuliza, hayo yote yanatuhusu nini sisi wa shule ya kutwa, tunaohangaika na karo na mitihani? Mimi nimejifunza mambo matatu.

Kwanza, anayepoteza kitu kikubwa hukipoteza kweli. Tusikimbilie kumwambia ajikaze, kwamba yatapita. Miguu ya Abebe haikurudi. Nyanya naye hatarudi. Nilikuwa nikimwambia babu kila siku avae raba zake aende kukimbia, nikidhani namsaidia. Kumbe nilikuwa nikimwomba awe yule babu wa zamani, mwenye mtu wa kumuuliza ametumia dakika ngapi. Huyo hayupo tena.

Pili, baada ya kupoteza huwa kuna kilichobaki, hata kama ni kidogo. Abebe alibakiwa na mikono, akaitumia. Hakuna mtu aliyemwambia kwamba kulenga mishale ni sawa na kushinda Roma. Si sawa. Lakini ndiyo kazi iliyowezekana kwa kilichobaki.

Tatu, hakuna aliyefanya hivyo peke yake. Kulikuwa na wauguzi wa kumgeuza kila saa mbili, daktari wa kumpa upinde, na watu wa kumkokota hadi uwanjani. Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini, lakini zizini lazima awepo mtu wa kumfungulia lango.

Namaliza kwa kuwaeleza yaliyotokea kwetu. Jumatatu moja ya muhula wa pili nilitoka alfajiri nikakuta raba za babu zimeoshwa, zimeanikwa ukutani. Sikusema neno. Siku ya tatu alikuwa amezivaa, amesimama langoni na fimbo mkononi, Simba yuko kando yake. Alisema goti halimruhusu kukimbia na pengine halitamruhusu tena, lakini mguu mmoja na nusu unatosha kunisindikiza hadi barabara kuu. Tangu siku hiyo tunatembea pamoja. Ni kilomita mbili hivi. Yeye huniuliza nitasoma nini leo, na mimi namsimulia. Tukifika anageuka na Simba wanarudi.

Ziko asubuhi nyingine ambazo hatoki. Mlango wa chumba chake unabaki umefungwa, nami naenda peke yangu bila kugonga. Lakini jioni yake nikirudi lazima nimkute ameketi barazani, na kabla hajanisalimu nami namuuliza: mnara wa Aksum ulirudishwa mwaka gani? Naye hujibu. Ni mchezo wetu mpya.

Juzi nilipotoka, nilimwekea maji moto kwenye karai kabla hajarudi. Sikumuuliza ametumia dakika ngapi. Swali hilo ni la nyanya.